Fundi Aliyesema "Baki"

Mzee Msasa hakusoma chuo kikuu hata siku moja, lakini alikaa ndani yake miaka thelathini na mmoja. Alikuwa fundi wa maabara ya uhandisi, ile inayopima nguvu za vyuma. Vipande vilivutwa mpaka vikatike, vikapindwa, vikagongwa, na yeye ndiye aliyewasha na kuzima mashine, akafagia vilivyovunjika na kuandika tarehe. Jina la Msasa alipewa na wanafunzi. Mfuko wa koti lake la kazi haukukosa kipande cha msasa, na maneno yake, walisema, yalikwaruza vilevile.

Kila mwaka, matokeo ya mwisho yakishabandikwa, vijana walikuwa wakimjia mmoja mmoja. Kijana angeingia kana kwamba amesahau kalamu, akashika hiki na kile, mwisho akatoa lililomleta: "Fundi, wewe umewaona wengi. Niende kazini, au niendelee na uzamivu?"

Walimuuliza fundi kwa sababu moja. Profesa akikwambia ubaki, huenda anatafuta mtu wa kumfanyia kazi. Mzazi akikwambia utoke, huenda amechoka kukutunza. Msasa hakuwa na lake. Ndivyo walivyoamini, na yeye mwenyewe aliamini hivyo. Akawajibu wengi kwa utani. "Wanaita uzamivu kwa sababu mtu anazama," alikuwa akisema. "Wengine huibuka na lulu. Wengine tunaona povu tu." Vijana walicheka, wakaenda zao, wakaamua wenyewe.

Yupo mmoja ambaye Msasa hakumjibu kwa utani.

Alikuwa msichana asiye na maneno mengi, wa kwanza katika darasa lake la uhandisi wa mitambo. Aliingia asubuhi na barua mbili mkononi. Kiwanda cha pampu kilimpa kazi. Chuo kilimpa nafasi ya uzamivu, achunguze jinsi chuma kinavyochoka: kwa nini ekseli iliyozunguka miaka na miaka chini ya mzigo uleule inakatika siku moja bila kuonya. Aliziweka barua zote mbili juu ya meza ya kazi, akazinyoosha kwa kiganja.

"Fundi, nifanye lipi?"

Sasa, wiki ile mkuu wa idara alikuwa ameamuru mashine zote zisizotumika zitolewe ili chumba kipate kompyuta. Ya kwanza kwenye orodha ilikuwa mashine ya kuchosha vyuma. Msasa aliikuta zamani chini ya turubai, imekufa, akaifufua kwa mikono yake, beringi moja baada ya nyingine, kwa miaka miwili. Ikiwashwa ililia tak-tak-tak, kwa sauti aliyoijua kuliko sauti ya majirani zake. Na hakuna mtu aliyeihitaji duniani, isipokuwa mwanafunzi wa uzamivu wa jambo hilohilo.

Alimtazama msichana. Akaitazama mashine.

"Baki," alisema. "Kiwanda hakikimbii."

Msichana akaikunja barua ya kiwanda, akaitia kwenye mkoba. Mashine ikabaki. Mkuu wa idara mwenyewe aliifuta kwenye orodha.

Haukupita mwezi, kila mtu alikuwa anamwita Dokta. Ulianza mzaha wa wanafunzi, ukafika kwa wapishi wa mkahawa, ukafika hadi kwao. Baba yake alikuwa akipiga simu ya ofisini na kusema, "Naomba kuongea na Dokta, binti yangu," na karani alikwenda kumwita huku anatabasamu. Dokta mwenyewe mwanzoni alikataa. Baadaye aliliacha jina limwendee, kama mtu aliyevalishwa nguo kubwa na kuambiwa atakua.

Msasa alimfundisha kazi. Kila kipande kilichongwa unene wa kidole gumba, chembamba katikati, kisha kikasuguliwa mpaka uone uso wako. "Sugua kwa urefu," alimwambia. "Mkwaruzo unaozunguka kiuno ndio unaoua. Ufa unaanzia hapo." Kipande kilifungwa kwenye mashine, kikabebeshwa uzito, kikazungushwa, na kihesabu kikahesabu mizunguko mpaka kipande kikatike. Vingine vilikatika kabla ya saa sita mchana. Vingine viliendelea siku mbili, tatu, milioni juu ya milioni. Umeme ukizimika katikati, Dokta alikitupa kipande akaanza kingine.

"Hakuna atakayejua," Msasa alimwambia siku moja.

"Mimi nitajua," alijibu.

Miaka miwili ya kwanza ilikuwa mizuri, na Msasa hakupenda mtu asahau hilo. Alimwona akirukaruka kama mtoto kipande cha themanini kilipokatika palepale alipobashiri. Mwaka wa tatu kile kiwanda cha pampu kilifungwa milango, wafanyakazi wakarudi makwao. Msasa aliposikia alijiona mwenye hekima. Mwaka wa nne profesa aliyekuwa akimsimamia Dokta alipata kazi nchi ya mbali, akaondoka baada ya kumshauri aanze upya kwa chuma cha aina nyingine, kwani kile cha kwanza wengine walishakimaliza. Msimamizi aliyefuata alikuwa mtu wa kompyuta. Alikuwa akisimama mlangoni, hataki kuchafua viatu, na kuuliza, "Haya yote huwezi kuyakokotoa tu?"

Mwaka wa tano mama yake Dokta alifariki. Habari ilimfika kipande kikiwa kimezunguka milioni sita. Alitaka kifike milioni ishirini. Akamkabidhi Msasa mashine na kuondoka na mkoba mmoja.

Siku ya tatu asubuhi alirudi. Viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu. Msasa alinyanyuka kumpa mkono wa pole, lakini Dokta alimpita, akainama kwenye kihesabu. Milioni kumi na nane na ushei.

"Hakijakatika?"

"Hakijakatika."

Akavuta kigoda, akaketi mbele ya mashine, mkoba bado begani.

Neno lilimfika Msasa mdomoni: nenda nyumbani, mwanangu. Aliliona lilivyo, neno fupi tu. Akalimeza. Alijiambia kwamba kila mtu ana namna yake ya kulia, kwamba kazi humsahaulisha mtu machungu, kwamba yeye ni fundi na huyu ni msomi. Akaenda kumtafutia chai. Aliporudi nayo, Dokta aliinywa bila kuondoa macho kwenye kihesabu, akamshukuru.

Baada ya hapo Dokta alikonda, akawa anafika saa moja asubuhi, mlango ukifunguliwa tu. Aliacha kula mkahawani kwa sababu watu walimuuliza, "Dokta, lini?" Mwaka wa saba, asubuhi moja, aliingia, akasimama mbele ya mashine ikizunguka, akaizima. Hakuna aliyewahi kuizima mashine ile kabla kipande hakijakatika wala kufikia hesabu yake. Alikitoa, akakifuta mafuta, akakifunga karatasi ya namba mia nne na kumi na mbili, akakiweka kabatini penye wenzake. Akanawa mikono kwa muda mrefu.

"Fundi, nakwenda kunywa chai," alisema.

Msasa alisubiri mpaka jioni. Akasubiri kesho yake. Wiki ya pili baba yake alipiga simu kuomba kuongea na Dokta, na karani hakujua aseme nini.

Ilipita miaka mitatu. Mashine haikuwashwa tena, lakini Msasa aliisikia. Akiingia saa moja asubuhi na kuwasha taa, sauti ilikuwa imemtangulia mle ndani, tak-tak-tak, inaisha pale anapoikaribia. Aliweka mkono juu ya chuma: baridi. Siku nyingine alisikia kigoda kikivutwa. Wanafunzi wapya walisema maabara ile ina jini, wakatishana kwa kucheka. Msasa alisema, "Fanyeni kazi," na wakashangaa, maana kwa kawaida alikuwa wa kwanza kuchekesha. Vijana walipomjia na swali lao la kila mwaka, alisema hana muda.

Nyumbani nako sauti ilimfuata. Alikuwa akinyamaza katikati ya chakula, kichwa kimeinama upande.

"Mzee, unasikiliza nini?" mkewe aliuliza.

"Friji hilo."

"Friji tumelizima tangu jana. Masikio yako umeyasahau kazini, mimi nimeletewa mwili tu."

Mambo yangebaki hivyo kama si mpwa wake, binti wa dada yake. Alikuwa amehitimu uhandisi wa kemikali, akapata mambo mawili kwa mpigo: kazi katika mtambo wa kusafisha maji, na nafasi ya uzamivu ng'ambo, miaka minne. Dada yake Msasa alikuwa amekwisha kuwatangazia majirani kwamba nyumba itapata dokta. Lakini binti alisema hatajibu barua yoyote kabla ya kumwona mjomba. Alikuja Jumapili, akasalimia, akapokea chai, akauliza.

"Mjomba, wewe umewaona wengi. Nisome, au nisisome?"

 Msasa aliweka kikombe chini, akainuka, akaenda uani. Alisimama pale akitazama nguo zilizoanikwa. Mkewe akamfuata.

"Mtoto kakuuliza swali la kawaida," alisema. "Mbona umetoka kama umeona nyoka?"

Ndipo Msasa akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Alisema alimfunga mtoto wa watu miaka saba ili mashine isitolewe, na kwamba miaka mitatu sasa anaisikia ikilia. Mkewe alizianua nguo mbili tatu, akazikunja.

"Anaishi?" aliuliza hatimaye.

"Sijui."

"Miaka mitatu unamsikiliza, na hujui kama anaishi." Akamtia nguo mikononi. "Kamtafute. Na huyu mtoto uende naye, asikie kwa masikio yake."

Karani wa chuo alikuwa bado anayo namba ya baba yake Dokta. Baba alitoa maelezo kwa sauti ndogo, bila kulitaja lile jina. Jumamosi iliyofuata Msasa na mpwa wake walifika kwenye karakana ya malori, pembeni mwa barabara kuu, uzio wa mabati, harufu ya dizeli. Kwa mazoea Msasa alimwambia mlinzi, "Namuulizia Dokta."

"Hapa hakuna zahanati, mzee."

Mpwa ndiye aliyeeleza: mwanamke, mhandisi, mkimya. Mlinzi akafunguka uso. "Aah, Mama Nyufa. Nyooka, mlango wa tatu."

Walimkuta ameinamia ekseli ya lori iliyolazwa juu ya vigogo. Aliipaka dawa nyekundu, akasubiri, akaifuta kabisa mpaka chuma kikawa cheupe, kisha akainyunyizia unga. Msasa hakutaka kumshtua. Walisimama wakitazama. Juu ya unga ule mweupe ukajitokeza polepole mstari mwembamba mwekundu, urefu wa ukucha. Dokta akauzungushia chaki, akaandika kwenye daftari, akageuka.

Alifunga daftari. "Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Akamsogeza mpwa mbele. "Huyu ni binti wa dada yangu."

Alikuwa amenenepa kidogo, na nywele zake zilikuwa na mvi mbele. Akawavutia benchi, akawaletea maji, akaketi juu ya tairi. Msasa hakujua kuzunguka. Alisema yote: orodha ya mkuu wa idara, mashine, lile neno baki. "Hukupewa ushauri," alisema. "Ulipewa haja yangu. Nimekuja kukuomba radhi."

Dokta alifuta vidole vyake kwa kitambaa, kimoja kimoja.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba mashine inatolewa. Tangazo lilikuwa limebandikwa mlangoni, Fundi. Mimi najua kusoma." Alitabasamu kidogo. "Niliuliza watu tisa. Baba, mama, dada zangu, walimu. Wote walisema nenda kiwandani. Nikaja kwako kwa sababu nilijua wewe utasema baki. Nilitaka mtu mmoja tu aseme."

Msasa alipiga funda la maji.

"Kwa hiyo kosa hilo ni langu," Dokta aliendelea, kwa upole. "Nimeligharamia. Usije ukaninyang'anya na hilo."

Ungedhani mzigo ungemshuka mzee. Na kweli, kwa muda mfupi alihisi mabega yake yamekuwa mepesi. Lakini Dokta hakuwa amemaliza. Alikuwa anatazama chini, kwenye viatu vyake vya kazi.

"Lakini ile siku niliyotoka kumzika mama," alisema. "Ile siku, Fundi, nilikuwa nasubiri mtu aniambie nenda nyumbani. Nilikaa pale nikisubiri. Ukaniletea chai."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira, Msasa angejua pa kuishika. Alikaa na glasi ya maji mkononi, na akaona kwamba miaka mitatu amekuwa akilia kwenye kaburi ambalo silo.

"Neno nilikuwa nalo," alisema mwishowe.

"Najua. Nilikuona ukilimeza."

Nje lori lilirudi nyuma, mtu akapiga kelele "njoo, njoo, basi". Lilipozima, Dokta aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia ndugu wa mbali: "Bado unaisikia?"

Msasa hakuhitaji kuuliza nini. "Kila asubuhi."

"Mimi alfajiri, kabla sijafumbua macho. Nahesabu nayo. Nikifika mia moja naamka."

Mpwa alikuwa ameketi muda wote huu na mikono katikati ya magoti. Sasa akakohoa. "Dada, samahani. Unanishauri nini? Nisome, au nisisome?"

"Unataka kujua nini?"

"Kama inafaa."

"Hapana. Nauliza ukienda huko, ni kitu gani unachotaka kukijua?"

Binti akafikiri. Akasema kwamba katika mtambo wa maji alikofanyia mafunzo, machujio yalikuwa yanaziba upande mmoja kabla ya mwingine, na wahandisi wote waliyaosha tu na kuendelea, na yeye hakuweza kuliacha jambo lile. Alianza kueleza kwa mikono. Dokta alisikiliza, akauliza maswali mawili ambayo Msasa hakuyaelewa, na kwa dakika chache alikuwa yuleyule wa kipande cha themanini.

"Wewe huulizi nisome au nisisome," Dokta alisema. "Umeshaanza. Basi fanya hivi. Huyo msimamizi, waliomaliza kwake utaonyeshwa tu, picha zao zitakuwa ukutani. Watafute ambao hawakumaliza. Waulize ni kitu gani kilitokea, na nani alikuwepo."

"Na wewe, dada, unajuta?"

Dokta aligeuka, akautazama ule mstari mwekundu kwenye ekseli. "Wiki hii nimekamata nyufa nne. Dereva hajui, abiria hawajui. Nisingesoma nisingeziona. Nisingesoma, vilevile, ningekuwa nimekaa na mama yangu." Akasimama. "Sina hesabu ya kuviweka pamoja. Ukiipata wewe, nitumie."

Aliwasindikiza hadi getini. Alipoagana na Msasa alimpa mikono yote miwili.

Mpwa aliwatafuta wasiomaliza. Walikuwa wawili. Mmoja hakujibu. Wa pili aliandika barua ndefu kwamba msimamizi ni mkali lakini ni mtu, na kwamba yeye aliondoka kwa sababu zake. Binti akaenda. Usiku wa kumsindikiza, mama yake alicheza hadi kitambaa kikamdondoka kichwani.

Msasa alistaafu mwaka huohuo. Kila Jumapili alimpigia mpwa simu, na hakumuuliza habari za kazi. Alimuuliza kama amekula na kama amelala, mpaka binti akawa anamjibu kabla hajaulizwa: "Nimekula, nimelala, shikamoo."

Mwaka wa pili dada yake Msasa aliugua ghafla. Madaktari walisema lazima apasuliwe tumbo, na hawakuficha kwamba hali ni ya wasiwasi. Mpwa alipopigiwa alilia, kisha akatulia, akasema atakuja baada ya siku kumi na moja. Chujio lake lilikuwa katikati ya jaribio, miezi minne imeshapita, na likikatizwa itabidi kuanza upya.

"Njoo sasa," Msasa alisema.

"Mjomba, siku kumi na moja tu."

"Nimesikia. Njoo sasa."

"Huelewi hii kazi ilivyo."

"Sielewi," alisema. "Njoo nyumbani, mwanangu."

Simu ikakatika. Keshokutwa yake alfajiri binti alishuka uwanja wa ndege na mkoba mmoja. Hakumwambia mjomba wake neno njia nzima.

Mama yake alipona. Siku ya tano alikuwa amekaa kitandani anawagombeza wauguzi kwa uji usio na chumvi, na kila aliyemwona alijua kwamba siku kumi na moja zingepita bila dhara lolote. Siku hiyohiyo ujumbe ulikuja kutoka ng'ambo kwamba jaribio limeharibika.

Msasa alimkuta binti kwenye baraza ya hospitali, amesimama dirishani, simu mkononi. Akasimama kando yake. Alitaka kumwambia kwamba huenda alikosea, na kwamba hata sasa angelisema tena neno lilelile, lakini hakujua lipi litangulie.

"Miezi minne, Mjomba," binti alisema, bila kugeuka.

"Najua."

Ndani mama yake alikuwa anamwita kwa jina lake la utotoni, aje ambadilishie mto. Binti alitia simu mfukoni, akaingia.